Kibati cha Kilo 5,400

Kambini, Jumanne 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mimi nimechoka kuchekwa.

Ile winchi uliyonifungia haivuti. Nimesema. Jana trela ya nguzo za umeme ilizama kwenye matope chini ya kilima. Nikaja na gari langu, nikafunga kamba, nikabonyeza rimoti mbele ya wanaume kumi na wawili walioweka mikono viunoni. Mota ikanguruma, ngoma inayokunja kamba ikazunguka nusu, ikasimama. Trela haikusogea hata unyayo. Na trela yenyewe, nguzo zikiwa juu yake, ni kilo elfu tatu tu. Kibati cha winchi kinasema kilo 5,400. Nimekisoma mpaka nimekikariri.

Msimamizi wetu, huyu tunayemwita Bwana Safi kwa jinsi asivyotaka kuona tope hata kwenye sepetu, alisogea, akakigonga kibati kwa kalamu yake, akasema, "Dereva, hiki ni kibati au pambo?" Watu wakavunjika mbavu. Hata Kipara, mzee anayenishikia kamba na ndiye rafiki yangu pekee hapa, aligeukia pembeni huku mabega yakimtetemeka.

Unajua nilivyoipata kazi hii. Dereva mwanamke niko peke yangu kambi nzima, na sharti lao lilikuwa gari lao watakalonipa nilifungishe winchi ya kilo elfu tano au zaidi. Nikawaambia baba yangu ndiye fundi wa winchi, ataifunga kwa mikono yake. Sasa wananiita Binti Fundi, na si kwa heshima. Bwana Safi amenipa mpaka mwisho wa mwezi: winchi ivute, au gari apewe mwingine.

Niambie kuna nini. Simu hazishiki huku, kwa hiyo andika. Lori la nguzo linapanda Jumanne na Ijumaa asubuhi, linashuka alasiri.

Msalimie mama.

Binti yako

*

Gereji, Alhamisi 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka thelathini na moja nafunga winchi, hakuna mtu aliyewahi kuniandikia "haivuti, nimesema." Unamwambia nani hivyo?

Winchi haivuti yenyewe. Inavutishwa na mtu, na mtu huyo ana akili au hana. Nijibu haya, na usijitie hamnazo. Uliegesha umbali gani kutoka kwenye trela? Kamba kiasi gani ilibaki kwenye ngoma? Trela ilizama mpaka wapi? Ulitupia blanketi zito juu ya kamba, ili ikikatika isiruke na kichwa cha mtu? Na huyo Kipara alisimama wapi? Kama alikuwa karibu na kamba iliyokaza, mpigie kelele kwa niaba yangu.

Huyo Bwana Safi naye mwambie kibati si ngoma ya kupigwa na kalamu.

Baba yako

*

Kambini, Ijumaa 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia juu ya boneti maana lori linaondoka.

Niliegesha hatua nne kutoka kwenye trela. Karibu kamba yote ilibaki kwenye ngoma; imejaa mpaka ukingoni, nyingine inataka kumwagika. Trela ilizama mpaka ekseli. Blanketi nilitupia, Kipara alisimama mbali. Sikulelewa porini.

Kuegesha karibu si uzembe. Ni amri. Bwana Safi hataki kamba iburuzwe kwenye tope. Ukiifungua mita ishirini, jioni unaiosha mita ishirini kwa mafuta ya taa na kuikausha kwa matambara, naye amesimama anakagua kwa kitambaa cheupe. Sitanii, ana kitambaa cheupe kabisa, kimekunjwa mfukoni. Kwa hiyo madereva wote hapa wanasogea mpaka pua za magari zinakaribia kugusana, wanatoa kamba kidogo, wanavuta. Nikafanya kama wenzangu.

Sasa usianze kufurahi. Najua unafurahi.

Binti yako

*

Gereji, Jumatatu 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Nimecheka mpaka mteja akauliza kama nina homa. Kambi nzima ya watu wazima wanavuta kwa kamba iliyojaa ngomani, kisa kitambaa cheupe!

Sikiliza vizuri. Namba ya kwenye kibati ni ya tabaka la kwanza tu, lile linalolala juu ya chuma cha ngoma. Kila tabaka linalopanda juu yake linainenepesha ngoma, na mota ni ileile. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji. Mkono ukiwa umeubana ubavuni unaibeba, ukiunyoosha mbele ndoo ileile inakushinda. Tabaka la pili limeshakunyang'anya kama sehemu moja ya kumi. Ukifika la nne umebaki na theluthi mbili, ukiwa na bahati. Kwa hiyo fungua kamba, ichafuke, ioshwe, ndiyo kazi yake. Lakini usiimalize: izunguke ngoma mara tano angalau, maana kile kishikizo kinachoshika mwisho wa kamba ngomani hakikuwekwa kuhimili mzigo.

Pili, matope. Kilichozama mpaka ekseli, hesabu unavuta uzito wake mzima. Kikizama mpaka juu ya tairi, zidisha mara mbili. Mlima nao una chake. Siku zote winchi iwe na nguvu kuzidi mzigo unaouvuta, si sawasawa nao.

Tatu, kapi. Stoo yoyote ya kambi haikosi kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Ukiifunga kwenye mzigo na kuirudisha kamba kwako, winchi inabeba nusu tu. Itakwenda polepole, ndiyo. Una haraka ya kwenda wapi? Na mota ikipata moto, ipumzishe mpaka uweze kuishika kwa kiganja.

Jambo la mwisho. Kwa sasa usiipe winchi zaidi ya kilo elfu tatu, mpaka nije niikague mwenyewe.

Baba yako

(Mama yako hapa. Ameandika mpaka chakula kimepoa. Tangu barua yako ya kwanza ifike, anaingia chumba cha vifaa, anakaa kando ya ile winchi kubwa iliyoungua, anaitazama tu. Nikimuuliza anasema anatafuta spana. Spana iko mfukoni mwake, naiona. Kula vizuri huko.)

*

Kambini, Jumanne 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefanya yote. Nimegombana na Bwana Safi kwa sababu ya kamba, na nimeshinda. Sasa tunafungua kamba, na kitambaa cheupe kimehamia kwenye vijiko vya jikoni.

Wiki iliyopita nilivuta magari manne bila taabu. Kipara akaanza kunisifu kwa wapishi. Kisha jana, trela ya saruji, kilo elfu nne, mpaka ekseli, kama ulivyonifundisha kuhesabu. Tabaka la kwanza. Mizunguko mitano ngomani, nimeihesabu kwa kidole. Sikuweka kapi kwa sababu kibati kinasema 5,400, nina ziada. Winchi ikasogeza trela kidogo, ikanuka waya uliopata moto, ikazimika. Tukamaliza kazi kwa sepetu, watu tisa, kwa muda wa saa tatu, na kila mmoja ana neno la kunitupia.

Bwana Safi anadhani ni betri. Kweli betri ilikuwa imechoka, taa zilififia kila nilipobonyeza. Ameagiza mpya, kubwa.

Lakini mimi swali langu ni jingine. Nilimwambia Bwana Safi kwamba umesema nisizidishe kilo elfu tatu. Akaniuliza, "Kibati kinasema 5,400, aliyeifunga winchi anasema 3,000. Nimsikilize nani?" Kwa nini elfu tatu, baba?

Naomba unijibu, maana Alhamisi ya tarehe 26 tunapandisha transfoma kilimani. Bila hiyo transfoma upande wote wa pili hauwashi hata taa moja. Pamoja na trela yake, na mlima, na tope, nimepiga hesabu ya kilo elfu nane. Nikiweka kapi moja ni elfu nne. Kibati kikisema kweli, naiweza. Nikiiweza, gari linabaki langu.

Binti yako

*

Gereji, Alhamisi 19 Machi

Mwanangu,

Usiivute hiyo transfoma. Walete trekta.

Nimesema elfu tatu, basi ni elfu tatu. Mimi ndiye baba na mimi ndiye fundi. Siku hizi mtoto anamhoji mzazi kama polisi barabarani.

Baba yako

*

Kambini, Ijumaa 20 Machi

Baba,

Shikamoo.

Trekta haipo. Ingekuwepo nisingekuwa na kazi.

Nimeisoma barua yako mbele ya Kipara, nikaona aibu, nikaikunja. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kufungua boliti, nikakuuliza kwa nini nianze na ile ya upande wa pili, ukaniambia sababu. Kila mara uliniambia sababu. Ndiyo maana najua kazi. Leo unaniambia wewe ndiye baba, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Nadhani najua tatizo. Uliposikia nimepata kazi ulijisifu kwa majirani, na tangu nimefika huku unatafuta namna ya kunirudisha. Hukutaka niwe dereva, ulitaka nikae hapo gerejini nikupe spana. Kama nimekosea, sema.

Nakuuliza tena: kwa nini elfu tatu? Kuna kitu kwenye winchi hii nisichokijua? Betri mpya imefika na winchi inanguruma vizuri kuliko siku uliyoifunga. Lori litapanda Jumanne. Likija bila bahasha yako, nitajua huna sababu, na Alhamisi nitavuta.

Binti yako

*

Gereji, Jumanne 24 Machi

Mwanangu,

Lori limeondoka. Nimefika nikiwa na bahasha mkononi, nikaliona linakunja kona, nikapiga kelele kama mwendawazimu. Bahasha ile nilikuwa nimeiandika na kuichana tangu Jumamosi. Nimezunguka kwa wenye pikipiki, kwa mwenye gari la kuni, hakuna anayetaka kupanda huko, wanasema barabara ni uji. Kwa hiyo barua hii itakuja Ijumaa, na wewe unavuta Alhamisi. Naiandika hivyo hivyo. Sijui kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Kibati si cha winchi hiyo.

Uliponiambia wanataka ya kilo elfu tano, nilikuwa na winchi mbili. Kubwa, ya 5,400, mota imeungua na gia zimepasuka. Ndogo, nzima kabisa, ya kilo 3,600. Nilitafuta gia za ile kubwa wiki tatu, nikakosa, na siku ya wewe kuondoka ikafika. Nikang'oa kibati cha kubwa, nikakipachika kwenye ndogo, nikapaka rangi. Nikachukua na kamba ya ile kubwa, nene na ndefu, nikaizungusha kwenye ngoma ndogo. Ndiyo maana imejaa mpaka inataka kumwagika. Ulipoandika hivyo niliogopa, nikakuandikia kwamba nimecheka.

Niliposikia mnaegesha karibu, nilishukuru. Nikaona nimepata kosa la kulaumu ambalo si langu. Yale niliyokufundisha ni ya kweli yote, lakini niliyatumia kujifunika.

Na hiyo betri mpya ndiyo inayonitia hofu. Betri mbovu ilikuwa inakuokoa: mota ilikata pumzi kabla ya gia. Sasa mota haitakata pumzi. Itavuta mpaka gia zisagike, na gia zikisagika hakuna breki, mzigo unarudi ulikotoka.

Sikutaka urudi nyumbani. Umeandika vibaya hapo. Nilitaka uende, na nilitaka wajue umetoka kwa fundi asiyeshindwa. Niliona ni afadhali nionekane baba mkorofi kuliko fundi mwongo. Ndivyo nilivyo mjinga.

Usivute, mwanangu. Nakuandikia usivute, nikijua utasoma ukiwa umeshavuta.

Baba yako

*

Kambini, Alhamisi 26 Machi, alasiri

Baba,

Shikamoo. Andaa moyo. Mimi ni mzima.

Jumanne bahasha haikuja, nikavuta. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kapi moja kwenye trela, kamba tabaka la kwanza, mizunguko mitano, blanketi, glavu, watu wote nikawasogeza mbali kuliko urefu wa kamba. Kipara peke yake alikwenda ubavuni mwa trela, na gogo la kuzuia tairi, kama tunavyofanya kila siku. Transfoma ikapanda. Ilipanda, baba! Hatua thelathini, polepole, watu wanapiga makofi, Bwana Safi amevua kofia. Nikasema moyoni, mzee wangu alikuwa na wivu tu.

Kisha winchi ikatoa sauti ya kutafuna mawe. Rimoti ikawa haisikii. Ngoma ikaanza kuzunguka kinyume, na trela ikarudi chini. Kipara aliweka gogo, hakukimbia, akaliweka palepale panapotakiwa, tairi ikaliruka na kumkanyaga. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Daktari wa kambi ameufunga, anasema utapona lakini kazi ya kamba hataifanya tena. Transfoma iko mtaroni.

Ulinikataza nikavuta. Nilikutukana kwa maandishi nikavuta. Kipara anauma shuka asipige kelele, na ananiambia, "Binti Fundi, usilie, utanilowesha."

Nimerudisha funguo za gari. Bwana Safi amenipa fomu ya ajali, pale penye sababu nimeandika: dereva alikaidi onyo la fundi. Fomu inashuka na lori la Jumanne. Nikitoka hapa sitagusa gari tena. Nisamehe kwa yale niliyokuandikia.

Binti yako

*

Kambini, Ijumaa 27 Machi

Baba,

Barua yako ya Jumanne imefika asubuhi hii. Ya jana ilikuwa bado mfukoni mwangu. Naituma vilevile, uone nilivyojilaumu, uone na pale nilipokuomba msamaha.

Leo sikuamkii. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Nimemsomea Kipara barua yako, yote, kwa sauti. Sikuruka neno. Nilidhani atatukana, na ningefurahi kama angetukana. Akaniambia nirudie pale penye 3,600. Nikarudia. Akapiga hesabu kwa vidole, kama tunavyofanya tukiwa kazini, kisha akasema, "Elfu nane. Tungefunga kapi zote mbili zilizoko stoo, kamba ikapita mara tatu, ingebaki kama elfu mbili na mia saba. Ingepanda." Akageukia ukutani.

Umesikia? Ile ndogo ingetosha. Ingetosha kabisa, kama ningejua ni ndogo. Kapi ya pili ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, niliiacha kwa sababu kibati kiliniambia nina ziada. Hukuhitaji kunipa winchi kubwa. Ulihitaji kunipa namba ya kweli.

Nina hasira, baba, hasira za kunifanya nitembee huku na huku kwenye mahema watu wananipisha. Hasira si za kibati tu. Mtu anaweza kukosea akiwa na haraka na mtoto wake anasubiri mlangoni. Hasira zangu ni za wiki hizi tatu za barua. Nilikuuliza, ukaniambia wewe ndiye baba.

Bwana Safi sijamwambia kitu. Nimemuomba fomu nyingine, tupu, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ile niliyoiandika jana nimeichana. Sitaijaza kwa niaba yako na sitakufichia. Kama lori la Jumanne litapanda bila fomu, nitajaza mimi, na nitaandika ninachokijua.

Mama asiisome hii mpaka wewe umwambie kwa mdomo wako.

Binti yako

*

TAARIFA YA AJALI KAZINI

Tarehe ya ajali: 26 Machi, Alhamisi.

Aliyeumia: Msaidizi wa kamba, anaitwa Kipara. Jina lake kamili silijui. Ningepaswa kulijua.

Chombo kilichohusika: Winchi ya gari namba tatu. Kibati kinasema kilo 5,400. Uwezo wake wa kweli ni kilo 3,600, tabaka la kwanza.

Je, dereva alifuata utaratibu wa kuvuta? Ndiyo, wote. Kwa namba aliyopewa, hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sababu ya ajali: Kibati kilitolewa kwenye winchi nyingine na kupachikwa kwenye hii, kwa makusudi, gerejini kwangu.

Aliyesababisha: Mimi, fundi.

Uhusiano na dereva: Baba yake.

Je, kuna onyo lililotolewa kabla ya ajali? Dereva aliambiwa asivute. Hakuambiwa kwa nini. Aliuliza mara mbili.

Sahihi na tarehe: Fundi, Jumatatu 30 Machi. Naileta mwenyewe na lori la kesho.